WAPIMAJI WAHESABU WATU KWANZA, NDIPO WAPIME DARI



Chumba cha futi kumi kwa kumi kila mmoja wetu anakijua. Ndicho chumba anachopanga fundi cherehani, mchukuzi wa sokoni, msichana wa mgahawani, na mwalimu aliyeanza kazi juzi. Ukikipima kwa mita, ni mita za mraba 9.3. Humo huingia kitanda, sanduku la nguo, jiko, ndoo mbili za maji, na watu. Watu wangapi? Hapo ndipo mpimaji anapokunja utepe wake na kwenda zake, na hapo ndipo sisi tunapoanza kuuliza.

Twasema wazi mapema, ili asiwepo wa kutugeuzia maneno. Hatupingi sheria ya kipimo cha chumba na kimo cha dari. Sheria hiyo ni njema ikimlinda mpangaji asiye na pa kwenda. Lakini sheria hiyo hiyo ni fimbo ikimpiga maskini anayejijengea nyumba yake kwa jasho lake, huku ikimwachia njia mwenye nyumba anayevuna kodi ya kila chumba. Huku kwetu milimani Usambara fimbo tumeiona zaidi kuliko ngao.

NYUMBA ILITAJWA ILI MTU ASITAJWE

Yafaa kwanza tujue kipimo hiki kimetoka wapi. Wajerumani walitoa amri yao ya majengo ya Dar es Salaam mwaka 1891, wakaugawa mji kwa namna ya nyumba. Waingereza walipoishika Tanganyika walitunga Sheria ya Miji mwaka 1920, na kanuni zake zikaendeleza desturi ile ile. Nchi yetu ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na haikuwa vizuri kuandika wazi kwamba mweusi asikae hapa. Basi hawakuandika hivyo. Waliandika kwamba sehemu hii ni ya nyumba za kukaa za namna ya Kizungu tu. Sehemu ile ni ya maduka na nyumba zilizo bora kiasi. Na ile ya tatu ni ya nyumba za wenyeji. Watu wenyewe wakayatafsiri maandishi hayo kwa lugha iliyo wazi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Mwaona hila hiyo? Sheria haikumtaja mtu, ilitaja nyumba. Lakini nyumba ya kipimo kile ilihitaji fedha ambazo mshahara wa Mwafrika haukuweza kuzitoa hata angeweka akiba maisha yake yote. Utepe wa kupimia ukafanya kazi ya askari wa mlangoni, tena bila kuvaa sare.

Na Mwafrika mwenyewe alipimiwa nini? Nairobi alipimiwa nafasi ya kitanda. Si chumba, kitanda! Mfanyakazi alihesabiwa kuwa kapera hata kama ana mke na watoto watano kijijini, akalipwa mshahara wa kapera na kulazwa penye nafasi ya kapera. Ilipofika mwaka 1954 kamati ya Serikali ya kikoloni ya Kenya kuhusu mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Carpenter, ilikiri yenyewe kwamba mshahara ule haumtoshi mtu mwenye jamaa. Hapa kwetu manamba wa mkonge, katika mashamba yaliyo chini ya milima hii, wanajua habari hiyo bila kamati. Kambi zao zilipangwa kwa hesabu ya mikono ya kukata majani, wala si kwa hesabu ya jamaa wanaolala humo.

Kwa hiyo mtu akija leo na utepe akisema, "Hiki ni kipimo cha kitaalamu," tuna haki ya kumwuliza: kipimo cha nani, kwa faida ya nani?

LUSHOTO SI PWANI

Mji wa Lushoto Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao. Walipanda huku kukimbia joto na homa za nchi tambarare. Waingereza waliowafuata wakafanya vivyo hivyo, hata Gavana wao akawa na nyumba ya kupumzikia hapa. Mji uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na Magamba na Shume ni juu zaidi. Wakubwa wale walipojijengea majumba yao huku waliweka mahali pa kuwashia moto ukutani, na bomba la kutolea moshi juu ya paa. Walijua wamefika penye baridi.

Lakini dari ndefu ni desturi ya nchi ya joto. Tanga, Pangani, Mombasa na Dar es Salaam dari ndefu ni rehema: hewa ya moto hupanda, mtu akabaki chini anapumua. Ipandishe desturi hiyo milimani, ukasimamishe chumba cha futi kumi kwenda juu pale Shume mwezi wa Julai, uone. Joto lote la jamaa na la jiko hupanda kukaa darini na popo, na watoto chini wanatetemeka.

Wazee wetu hawakuwa na utepe, lakini walikuwa na akili. Msonge ulikuwa na paa linaloshuka karibu na ardhi, na moto katikati. Juu ya moto palipangwa fito za dari, na mahindi yakawekwa hapo, moshi ukafukuza wadudu. Hatusemi turudi katika msonge. Moshi ule ule uliwaharibu mama zetu macho na vifua, na hakuna mwenye kumpenda mama yake anayeutamani. Twasema tu kwamba mjenzi wa Kisambaa alianza na swali sahihi: hapa ni mahali gani, na nani atalala humu?

Sasa tufanye hesabu ya fundi mwashi, maana siasa bila hesabu ni kelele. Chukua nyumba ndogo ya futi 30 kwa 24. Kuta zake za nje peke yake ni futi 108. Tofali moja pamoja na udongo wake ni kama inchi 10, basi kozi moja ya kuzunguka nyumba yataka tofali 130 hivi. Mwambie mwenye nyumba aongeze futi moja na nusu kwenda juu, atahitaji kozi nne au tano. Kozi tano ni tofali 650, na hatujagusa kuta za ndani. Kozi hizo ziko juu ya renta, hazina mlango wala dirisha la kupunguza hesabu. Kila tofali ni la kuchoma, kila tanuri linakula kuni, na kuni za Usambara zinatoka katika milima hii hii tunayoambiwa kila siku tuihifadhi. Mkono mmoja wa sheria unakataza kukata mti, na mkono wa pili unadai tofali la kuujaza ukuta ambao haumpi mtu joto wala hewa.

Tena tazama mteremko. Mwenye kiwanja tambarare akitaka chumba kipana huongeza hatua mbili tu. Mwenye kiwanja Mlalo au Mtae akitaka hatua mbili hana budi kuukata mlima nyuma ya nyumba yake. Anabaki na ukuta wa udongo mbichi unaoning'inia juu ya kitanda cha watoto, unangoja masika. Huku kwetu futi moja ya upana yaweza kununuliwa kwa roho ya mtu. Je, kanuni iliyoandikwa kwa nchi tambarare inalijua hilo?

Na liko jambo la tatu, nalo ni zito kuliko yote. Baridi ikizidi, na chumba kikiwa kirefu na kigumu kupata joto, mtu hufanya nini? Hufunga dirisha, huziba tundu kwa tambara, huingiza jiko la mkaa ndani, hulala. Hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, na humchukua mtu usingizini bila kumgutusha. Sheria inayojenga chumba kisichopata joto, halafu inamwachia mwananchi mkaa peke yake, haiwezi kujiita sheria ya afya.

SOMO LA MATUTA

Milima hii imekwisha kutoa somo hili mara moja, na aliyelisahau ni haki akumbushwe. Mwaka 1946 wakoloni walianza mpango wao wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, na katika miaka ya 1950 wakaueneza Usambara. Watu waliamriwa kuchimba matuta katika mashamba ya mteremko, na asiyechimba alishtakiwa na kutozwa faini. Je, udongo haukuwa ukimomonyoka? Ulikuwa ukimomonyoka kweli! Mtaalamu hakusema uongo. Kosa lake ni kwamba hakumwuliza mwenye jembe. Hakuuliza mama huyu mwenye mtoto mgongoni atapata wapi siku za kuchimba, na shamba lake dogo litabaki na nafasi gani ya kupanda. Jambo la kweli likaletwa kwa amri, nalo likaoza kwa amri. Kabla miaka ya 1950 haijaisha mpango wote ulikuwa umevunjika, na TANU, iliyozaliwa Julai 1954, ilipata masikio mengi huku milimani kwa sababu ya uchungu huo.

Leo hatutozwi faini na mkoloni. Tulijitawala mwaka 1961, na Halmashauri ni zetu. Ndiyo maana uchungu unakuwa mkubwa zaidi pale kijana wetu wenyewe, tuliyemsomesha kwa viazi na kabichi, anapopanda mlima na utepe kama yule wa zamani, asiulize neno.

NUSU FUTI ANAKAA NANI?

Mwaka jana nilifika katika mji mmoja mdogo wa milimani. Sitautaja, kwa kuwa si huo peke yake. Nilimkuta mzee aliyejenga vyumba viwili vya tofali kwa muda wa miaka sita, msimu huu kozi tatu, msimu ule kozi nne, kadiri mboga zilivyouzwa. Bati amekwisha kuezeka. Mpimaji amekuja, amepima, amesema dari ina upungufu wa nusu futi. Kibali hakitoki mpaka paa livuliwe na ukuta uinuliwe. Mzee akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi na mama yako tumebaki wawili. Hebu nieleze, hiyo nusu futi ya juu anakaa nani?"

Nyumba ya pili kutoka kwake ni ya kupangisha. Ina vyumba vinane, na dari zake ni ndefu kama inavyotakiwa. Madirisha yanatazama ukuta wa jirani, mkono ukiunyosha unaugusa. Niliwahesabu wanaolala humo kwa msaada wa mama mmoja mpangaji: watu 31, choo kimoja. Nyumba hiyo ilipimwa, ikapita. Mwenye nayo hakai humo wala hakai mji huo. Huja kuchukua kodi ya miezi sita sita.

Ndugu zangu, hapa hakuna siri. Nyumba ya mzee wa watu wawili imeshindwa, na nyumba ya watu 31 imefaulu, kwa sababu kilichopimwa ni kuta.

WENGINE WANAPIMAJE?

Wako watakaosema, "Hivi ndivyo nchi zilizoendelea zinavyofanya." La hasha! Tuzitazame. Uingereza, katika vipimo vya taifa vya mwaka 2015 ambavyo halmashauri zake huchagua kuvitumia, chumba cha kulala mtu mmoja kisipungue mita za mraba 7.5, cha watu wawili 11.5, na dari katika sehemu kubwa ya nyumba iwe mita 2.3, yaani futi saba na nusu. Afrika ya Kusini wanataka chumba cha mita za mraba 6, na dari ya mita 2.4, ambayo ni futi nane kasoro kidogo. Marekani, kanuni ya mfano inayofuatwa katika majimbo mengi yaridhika na futi 7 kwenda juu. Futi 7, katika nchi yenye majengo yanayogusa mawingu!

Sasa tukirudishe hapo chumba chetu cha kumi kwa kumi. Mwaka 2018 Waingereza waliweka sheria ya nyumba za kupanga zinazokaliwa na watu wengi: chumba cha kulala mtu mzima mmoja kisipungue mita za mraba 6.51, na cha watu wazima wawili kisipungue 10.22. Chumba chetu ni 9.3. Maana yake, huko Uingereza mtu mzima mmoja angeruhusiwa kulala humo. Wa pili angekatazwa, na mwenye nyumba angepelekwa kujibu mashtaka. Hapa kwetu hulala baba, mama na watoto watatu, na hakuna anayejibu kitu. Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa nalo lahesabu kwamba wakizidi watatu katika chumba kimoja cha kukaa, hapo pana msongamano. Chumba chetu hakikukosa futi za dari. Kimekosa mwenye kuhesabu vichwa.

Jirani zetu wa Kenya wana somo lao pia. Kanuni zao za ujenzi za mwaka 1968 zilidai vifaa na vipimo ambavyo maskini hakuvimudu. Matokeo yake maskini hakuacha kujenga. Alijenga nje ya sheria, penye bonde na penye reli, mahali ambapo hakuna kanuni hata moja inayomlinda. Ilichukua zaidi ya miaka 50 hadi kanuni mpya za taifa za 2024 kutolewa. Sheria kali mno haileti nyumba nzuri. Huwahamisha watu kutoka katika macho ya sheria.

WATATWAMBIA NINI?

Watatwambia, "Nyie mnataka wananchi walale katika vibanda." Hata kidogo! Kifua kikuu kinapenda chumba kilichojaa watu na kisichopitisha hewa, na sisi ndio tunaowazika wagonjwa hao. Lakini hewa haipatikani kwa kuinua dari peke yake. Hewa iliyofungiwa katika chumba kirefu ni hewa iliyofungiwa. Itachakaa kwa kuchelewa kidogo tu. Hewa hupatikana ikiwa na mahali pa kuingia na mahali pa kutokea. Dirisha mbili zinazotazamana hufanya kazi ambayo kozi tano za tofali haziwezi.

Watatwambia tena, "Sheria ni moja kwa wote." Naam, haki ni moja kwa wote. Lakini blanketi la Shume na blanketi la Tanga si moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

TUNATAKA HAYA

Kwanza, kanuni za ujenzi ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, pamoja na picha, na zibandikwe katika kila ofisi ya kijiji na ya mtaa. Mwaka 1973 taifa hili lilifundisha afya kwa redio na vikundi vya kusoma, katika kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wakachimba vyoo kwa kuelewa. Tulioweza hilo hatushindwi kueleza dirisha.

Pili, ukaguzi uanze kwa wanaopokea fedha: nyumba za kupangisha, mabweni ya shule, kambi za wafanyakazi wa mashamba ya chai na mkonge. Huko wahesabiwe watu kwa chumba, na idadi iandikwe mlangoni. Anayejijengea kuta zake mwenyewe awe wa mwisho kutembelewa, na atembelewe kwa ushauri.

Tatu, dirisha na njia ya hewa na moshi vitangulie kimo cha dari katika kila fomu.

Nne, milima iwe na kipimo chake. Penye baridi dari iruhusiwe kuwa fupi zaidi, na penye mteremko iandikwe mtu asikate mlima kwa kiasi gani, na ukuta wa kuzuia udongo ujengweje. Hilo la pili lina maana kubwa kuliko nusu futi yoyote.

Tano, mwananchi aliyekosea kwa kutojua aonyeshwe njia na apewe muda, wala asivuliwe paa. Na anapotafuta kibali akute ramani za nyumba ndogo zilizo tayari, bila malipo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, unafundisha matofali ya udongo na saruji yasiyochomwa kwa kuni. Elimu hiyo ipandishwe milimani.

KAZI YETU WANACHAMA

Mwisho, tusielekeze kidole kwa Halmashauri peke yake. Balozi wa nyumba kumi anazijua nyumba zake kumi. Anajua ni mlango gani wanalala watu saba, na ni mlango gani jiko la mkaa huingizwa usiku. Hesabu hiyo haihitaji utepe wala mtaalamu kutoka Dodoma. Yahitaji daftari na jioni moja.

Na tutazamane usoni. Mwenye nyumba ile ya watu 31 ni nani? Mara nyingine ni ndugu yetu, anayekaa kiti cha mbele mkutanoni na kupiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Chama kilichozaliwa kwa kukataa unyonyaji hakiwezi kumwonea haya mwanachama anayeuza hewa ya kupumua kwa chumba na kwa mwezi. Aambiwe, tena aambiwe na sisi, kabla hajaambiwa na mahakama.

Basi katika mkutano ujao wa tawi, kuanzia Soni mpaka Mtae, kuanzia Bumbuli mpaka Shume, kila balozi aje na hesabu yake: vyumba vingapi, watu wangapi, madirisha mangapi. Diwani akae mbele asomewe moja moja mpaka mwisho. Akishazisikia zote, ndipo tumwulize habari za dari.